Nataka kuacha bangi lakini usiku unanishinda. Nianzie wapi?

Shikamoo Mama,

Mimi ni kijana wa miaka 27, fundi wa kuchomelea hapa Nyakato, Mwanza. Safu yako huwa naisoma kwenye simu ya dada yangu. Leo nimeamua kuandika mwenyewe, kwa sababu kila ninayemuuliza jambo hili ananijibu kwa kicheko au kwa matusi.

Navuta bangi tangu kidato cha pili. Tulianza kama mchezo, nyuma ya uwanja, watu wanne msokoto mmoja. Sasa hivi siku ya kazi navuta mitano peke yangu, na Jumapili sihesabu. Nachanganya na tumbaku ya sigara ili iungue polepole. Asubuhi bila kuvuta hata chai hainipiti. Mpira nilishaacha, na marafiki niliobaki nao ni wa maskani tu.

Kilichonishtua ni kazi. Nilikuwa nakata bomba za geti la mteja, nikapima mara mbili, na bado zote zikatoka fupi kwa upana wa kiganja. Fundi mkuu akanikata kwenye malipo ya wiki. Siku chache baadaye grinda ikaniruka, jiwe likachana glovu na kuchubua ngozi ya kidole gumba. Nilikuwa nimetoka kuvuta.

Nimejaribu kuacha mara nyingi. Siku ya kwanza naiweza. Shida inaanza usiku wa pili. Silali, natoka jasho mpaka shuka linalowa, na nikipata lepe la usingizi naota nafukuzwa au nazikwa nikiwa hai. Napiga kelele nyumba nzima inaamka. Chakula sikitamani. Hasira nazo usiseme: nilimrushia mdogo wangu sahani kisa amebamiza mlango. Ikifika siku ya nne au ya tano narudi maskani, navuta puli mbili tatu, natulia, nalala. Hapo najiambia kumbe hii ndiyo dawa yangu.

Mama yangu anasema zile kelele za usiku ni majini, anataka nipelekwe kwa mganga kijijini. Kaka anataka nipelekwe kwenye kambi moja ambako watu hufungwa minyororo mpaka watulie. Baba mdogo anasema nioe tu, nitatulia. Mchumba wangu amesema posa haijibiwi mpaka niache. Washkaji wanasema bangi ni mmea, haina arosto (yale mateso ya mwili ukiacha), arosto ni ya mateja wa unga, yaani heroini.

Nilikwenda zahanati moja nikamwambia mhudumu navuta bangi na nataka dawa. Akacheka, akasema, "Si uache tu?" Jirani ananishauri niende hospitali ya Sekou Toure nikapewe methadoni. Naogopa nikisema hospitalini wataniitia polisi. Bima sina. Je, kuna matibabu ya kweli ya bangi? Nitalazwa? Nianzie wapi?

Fundi wa Nyakato

JIBU

Marahaba mwanangu, na asante kwa kueleza kila kitu bila kuficha. Matibabu yapo. Unaweza kuyaanza wiki hii, hapohapo Mwanza, na yaelekea utaendelea kulala nyumbani kwenu.

Nianze na usiku wako, maana ndiko unakoangukia kila mara. Washkaji wamekupotosha, pengine nao hawajui. Arosto ya bangi ipo. Madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza rasmi kwenye mwongozo wao wa magonjwa mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani nalo linaitambua. Haimgaragazi mtu chini kama arosto ya unga, ndiyo maana kijiweni wanaidharau. Lakini dalili zake ndizo ulizoandika: kukosa usingizi, jasho, kukosa hamu ya kula, hasira za karibu, wasiwasi, ndoto mbaya. Huanza ndani ya siku moja hadi tatu tangu mtu aache, hufikia kilele ndani ya wiki ya kwanza, na kwa wengi huwa zimepungua sana kufikia wiki ya pili au ya tatu. Usingizi ndio hukawia. Unaweza kuchukua mwezi, wakati mwingine zaidi, kabla haujakaa sawa.

Sasa isome tena barua yako mwenyewe. Unaanza kuteseka usiku wa pili, unarudi maskani siku ya nne au ya tano. Kila mara unarudi pale hasa ambapo arosto iko kileleni. Hujawahi kuifikia siku ya kumi na tano ukaona hali inakuwaje. Kwa hiyo unachokijua kuhusu kuacha bangi ni zile siku mbaya peke yake, na ukivuta ukatulia unadhani umeponya ugonjwa, kumbe umeizima arosto kwa muda na kuipa nafasi ya kukusubiri tena.

Ndoto nazo zina maelezo. Kemikali ya bangi inayolevya, THC, hukandamiza ile sehemu ya usingizi ambayo ndoto nyingi hutokea. Mtu aliyevuta kila siku kwa miaka huwa haoti sana, au haoti akakumbuka. Akiacha, sehemu ile ya usingizi hurudi kwa nguvu, na ndoto huja kwa wingi, wazi na za kutisha. Hali hii inawapata watu duniani kote, wa dini zote na wasio na dini. Pia ubongo una vipokezi ambavyo THC hujishikiza. Ukivuta kila siku, vipokezi hivyo hupungua, ndiyo maana msokoto wa watu wanne sasa hautoshi mtu mmoja. Habari njema ni kwamba huanza kurudi ndani ya siku chache za kuacha, na baada ya takribani wiki nne bila kuvuta huwa vimekaribia hali ya kawaida.

Mweleze mama yako hivyo, kwa upole, mchana, siyo usiku wa manane baada ya kelele. Usibishane naye juu ya majini. Kama anataka kukuombea, mwache aombe, na wewe kaa naye, maana anafanya hivyo kwa mapenzi. Ila mwombe mambo mawili: usinyweshwe wala kufukizwa dawa ambayo daktari wako haijui, na siku ya kliniki isiahirishwe kwa sababu ya safari ya kijijini. Nimekaa na familia nyingi kliniki, na akina mama wakielewa kwa nini mtoto anapiga kelele usiku, mara nyingi ndio wanaokuwa wa kwanza kumwamsha kwa ajili ya miadi.

Kuhusu yule mhudumu aliyekucheka: alikosea, na nasikitika kwamba mlango wa kwanza uliougonga ulifunguliwa hivyo. "Si uache tu?" ni swali la mtu asiyejua uraibu. Wataalamu hutumia vigezo kumi na kimoja kuupima, na ukiwa na viwili tu ndani ya mwaka mmoja tayari unahesabiwa kuwa na tatizo. Kuanzia sita ni uraibu mkali. Katika barua yako naona kujaribu kuacha ukashindwa, kuhitaji kiasi kikubwa kuliko zamani, arosto, kazi kuharibika, kuacha mambo uliyoyapenda kama mpira, kugombana na watu wa nyumbani, na kuvuta hata kwenye hatari ya grinda. Daktari ndiye atakayethibitisha, lakini hapo tumeshavuka sita. Wengi wanaovuta bangi hawafiki huko. Makadirio yanayotumika sana ni kama mmoja kati ya kumi, na kwa walioanza wakiwa vijana wadogo kama ulivyoanza wewe ni kama mmoja kati ya sita. Usijilinganishe na rafiki anayevuta Jumamosi akaacha Jumapili. Mwili wake na historia yake si vyako.

Methadoni si yako. Ile ni dawa ya waraibu wa heroini na dawa nyingine za jamii ya afyuni. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011 na sasa inatolewa mikoa kadhaa, Sekou Toure ikiwemo, na imeokoa maisha ya watu wengi. Lakini haina kazi juu ya bangi, na kwa mtu ambaye mwili wake haujazoea afyuni inaweza kumzuia kupumua. Usikubali kuonjeshwa na mtu yeyote.

Ukweli ambao wengi huwakatisha tamaa ni kwamba hakuna kidonge wala sindano iliyoidhinishwa mahususi kwa uraibu wa bangi. Daktari anaweza kukupa dawa ya muda mfupi ya usingizi au wasiwasi, na kama akikukuta na sonona ataitibu. Usijinunulie Valium duka la dawa. Nimewaona vijana waliotoka kwenye bangi wakaingia kwenye vidonge hivyo, na kuviacha ni kugumu na hatari zaidi.

Tiba yenyewe ni mazungumzo, ya kitaalamu na yenye mpangilio, kwa kawaida mara moja kwa wiki kwa miezi miwili mitatu, kisha ufuatiliaji. Najua ukisikia "ushauri nasaha" unafikiria kukalishwa chini na kuambiwa bangi ni mbaya. Hapana. Mtaalamu mzuri hatakuhubiria. Atakuuliza bangi inakupa nini, kwa sababu inakupa kitu, vinginevyo usingeivuta. Atakuuliza inakugharimu nini, na atakusaidia useme mwenyewe unataka nini. Halafu mtaingia kwenye ratiba ya siku yako. Nakisia kwamba saa yako ngumu ni pale mnapofunga karakana jioni, na siku yako ngumu ni siku ya malipo. Mtapanga mapema: unatoka na nani, unapita njia gani, pesa inashikwa na nani, unamjibu nini mshkaji anayekunyooshea msokoto. Utajifunza kwamba hamu ikipanda haikai juu muda wote. Kwa kawaida ndani ya nusu saa hivi inashuka, ukiwa na kitu cha kufanya na mtu wa kumpigia simu. Mambo haya yanaonekana madogo kwenye karatasi. Mtu akiyafanya wiki baada ya wiki, na kuna anayemuuliza "jana jioni ilikuwaje?", yanabeba mzigo mkubwa.

Sasa pa kwenda. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure au Bugando, ulizia kliniki ya afya ya akili. Usiishie dirishani ukisema "nataka dawa ya bangi," maana hapo ndipo watu hupotezewa njia. Sema hivi: "Nina tatizo la usingizi na uraibu, naomba kumwona daktari au muuguzi wa afya ya akili." Utafunguliwa faili. Ndani utaulizwa ulianza lini, unavuta mingapi, unachanganya na nini, unakunywa pombe, kama huwa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kama umewahi kufikiria kujidhuru, na kama kwenye ukoo kuna aliyewahi kuugua akili. Jibu kweli, hasa hayo ya mwisho. Bangi nyingi ya kila siku inaweza kuamsha ugonjwa wa akili kwa mwenye asili hiyo kwenye ukoo, na daktari akijua mapema atakufuatilia kwa jicho jingine. Wanaweza kukupima mkojo. Usishtuke kama majibu yataonyesha bangi wiki kadhaa baada ya kuacha, kwa sababu THC hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo.

Polisi: ni kweli bangi ni kosa kwa sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, kuilima, kuwa nayo, kuiuza na kuivuta. Lakini unayekwenda kumwona ni mtabibu. Kazi yake ni kukutibu, na miiko ya taaluma yake inamtaka atunze siri ya mgonjwa. Wewe usiende na msokoto mfukoni, basi. Kuhusu pesa, uliza gharama ya faili na ya kumwona daktari kabla hujaanza. Ukiona huwezi, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ndiye anayeshughulikia misamaha ya matibabu.

Kulazwa? Kwa uraibu wa bangi peke yake, wengi hutibiwa wakitokea nyumbani. Daktari atafikiria kukulaza ukiwa umechanganyikiwa akili, unataka kujidhuru, una dawa nyingine juu yake, au nyumbani hakukaliki. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, ambako mtu hukaa miezi kadhaa na wenzake wanaoacha dawa. Zimewasaidia wengi, hasa wa unga. Kama siku moja mtafikiria huko, kaka yako aende kwanza akaione kwa macho. Aulize kama imesajiliwa, kama kuna mtaalamu wa afya anayefika, kama ndugu wanaruhusiwa kutembelea, na kama mtu akitaka kuondoka anaachwa aondoke. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119, anaweza kuanzia hapo kuulizia. (Wasomaji wetu wa Kenya wana 1192 ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na dawa za kulevya, nayo ni bure.)

Kambi ya minyororo, hapana. Na hapa naomba kaka yako asome mwenyewe: mdogo wako amekuja kwa miguu yake kuomba kutibiwa. Ukimfunga mnyororo utamvunja ile nia ambayo matibabu yote yanaitegemea, na utamfundisha kukuficha. Watu wametoka kwenye kambi za namna hiyo wakiwa na vidonda vya miguuni na hamu ileile waliyoingia nayo. Nguvu uliyotaka kuitumia kumpeleka huko, itumie kumsindikiza kliniki na kukaa naye usiku wa tatu, wa nne na wa tano. Hiyo ndiyo kazi ya kaka.

Baba mdogo mpe heshima yake, lakini usioe kama dawa. Nimesikia ushauri huo tangu nikiwa msichana, na anayelipa huwa ni mke. Binti wa watu ataamshwa na kelele zako, atarushiwa sahani, na ataambiwa ameshindwa kukutuliza. Mchumba wako ameonyesha akili kuahirisha jibu. Mwambie umeanza matibabu, mweleze na muda wake. Usimwahidi kwamba umeshaacha. Mwahidi kwamba hutamficha.

Kuna jambo hukuliuliza, nalo ni tumbaku. Kila msokoto ulikuwa na sigara ndani yake, kwa hiyo una uraibu wa vitu viwili, na sehemu ya ile hasira ni nikotini inayodai. Mwambie daktari, mpange pamoja kama utaviacha kwa mpigo au kimoja baada ya kingine. Ukiacha bangi ukabaki na sigara mdomoni, mkono na pumzi vitakukumbusha msokoto kutwa nzima. Pombe nayo kaa mbali nayo miezi hii ya mwanzo, kwa sababu ukilewa kidogo tu ule mpango wote wa jioni unasahaulika.

Kazini huna lazima ya kumwambia fundi mkuu jina la ugonjwa. Omba ruhusa ya kwenda hospitali na ulete karatasi ya mahudhurio. Ila wiki ya kwanza ya kuacha, ukiwa hujalala, usishike grinda. Omba upake rangi, upige msasa, ubebe vyuma. Kama unaweza kuchagua, anza kuacha siku ambayo mna kazi nyepesi, na uwe umeshamwona daktari kabla, siyo baada.

Ukiona unasikia sauti, unaamini watu wanakupangia njama, au wazo la kufa linakujia, usisubiri siku ya kliniki. Nenda idara ya dharura siku hiyohiyo, na usiende peke yako.

Huenda katikati ya matibabu ukateleza ukavuta. Ikitokea, nenda kwenye miadi inayofuata na useme. Wanaoshindwa ninaowakumbuka si wale walioteleza. Ni wale walioteleza wakaona aibu, wakaacha kwenda. Mtaalamu anataka kujua ilikuwa saa ngapi, ulikuwa na nani, kilitangulia nini, ili mpango urekebishwe hapo palipopasuka.

Na kama utakayemkuta naye akikucheka, usirudi nyumbani. Mwombe muuguzi kiongozi wa zamu akuonyeshe mtu mwingine. Ukishatoka huko niandikie walikupangia nini, na kama kaka yako ana maswali, aandike naye.